Shombo ya Torrefonda

7 Aprili, Jumatatu

Leo nimeanza kwa bibi mpya, hapa hapa West Side ya Buffalo, na nimerudi nyumbani na harufu kwenye nywele. Nimeziosha kwa shampuu, kisha kwa sabuni ya vyombo, na bado ipo. Naandika ili nisimpigie mtu simu kulalamika, maana Jumapili nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa kazi hii.

Bibi anaitwa Ersilia. Kiharusi kimeua mkono wake wa kulia, mguu anauburuta, mara nyingi yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini ulimi uko salama kabisa. Kumwogesha, kumvalisha, kumpikia, kumpa dawa, hayo yote nayaweza. Kampuni iliyonituma haikuniambia habari ya samaki. Friji imejaa samaki. Kabati limejaa samaki wa kopo. Ukutani kuna picha ya mji wao, Torrefonda, mji mdogo wa pwani huko Italia, nyumba zimebanana juu ya mwamba kama mbuzi walionyeshewa. Aliondoka huko akiwa msichana mdogo, lakini anausimulia kama mtu aliyefika Buffalo juzi: wanaume wako baharini, wanawake wako mlangoni wanatia samaki chumvi, mji mzima unanuka. Hilo la kunuka analisema kwa fahari.

Kwetu milimani, Minembwe, tuliishi kwa ng'ombe, na wazee wetu hawakula samaki. Hakuna aliyekaa akatueleza sababu. Mdomo unaokunywa maziwa hauli samaki, basi. Nikiona jicho la samaki linaniangalia kutoka kwenye sahani, tumbo linanipanda.

9 Aprili

Nilibeba maziwa yangu ya mgando kwa chakula cha mchana. Bi Ersilia akafungua kifuniko, akanusa, akasema yameoza, niyamwage. Huyu huyu anayetafuna samaki na mifupa yake. Nimekula nje kwenye ngazi, kwenye baridi, nikiwa na hasira.

11 Aprili

Theluji tena. Samaki tena.

14 Aprili

Nimeongea na Mama. Yuko Columbus, Ohio, mtaa wa Linden, kwa mdogo wangu Gatera anayefanya kazi ghalani. Gatera amebadilishiwa shifti, Mama anashinda peke yake na televisheni asiyoielewa, kwa hiyo mwisho wa Juni atahamia kwangu. Nimefurahi kweli. Nitamnunulia kitanda, nitamtafutia maziwa mazuri. Mama ana mambo yake kuhusu maziwa. Tulipokimbia hakubeba nguo, alibeba kibuyu cha maziwa alichopewa na mama yake. Kilivunjika kambini. Nyumba ilipochomwa hakulia, kibuyu kilipovunjika alilia siku nzima.

Hakuniuliza bibi wangu anakula nini, na mimi sikusema.

16 Aprili, Jumatano

Leo nimeharibu.

Bi Ersilia alinituma chumba cha chini nikamletee mtungi. Nikaukuta nyuma ya mashine ya kufulia, mtungi wa udongo, mzito, una mfuniko wa mbao na jiwe juu yake. Nilipofunua, nilirudi nyuma mpaka ukutani. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia, yana utando wa mafuta, yananuka kitu ambacho hata mzoga hauwezi kunuka. Nikasema moyoni, huyu mama wa watu amepooza, hana wa kumwoshea vyombo, watoto wake wamemwacha na uchafu huu. Nikamwonea huruma, kweli kabisa.

Nikautoa uani. Nikayamwaga yale maji kwenye mtaro. Nikamimina maji yanayochemka, nikasugua kwa jivu, nikasuuza, nikarudia. Halafu nikafanya kama Mama anavyofanya vyombo vya maziwa: nikawasha kijiti cha mti mkavu, nikakizima, nikakifunika na mtungi ili moshi uingie ndani hadi kwenye udongo. Nilifanya kwa moyo wote. Nilikuwa naimba.

Nikampelekea mtungi ukiwa safi kiasi cha kutiwa maziwa ya mgonjwa. Akaingiza mkono wake mzima, akapapasa chini. Pakavu. Akanusa vidole. Akaniuliza maji yako wapi.

"Nimeyamwaga. Yalikuwa yameoza."

Hakupiga kelele. Alisema maneno ya kwao, kisha akanieleza kwa Kiingereza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto aliyevunja kitu. Mama yake alikuja Amerika na mtungi huo mapajani, na ndani mlikuwa na maji kidogo ya chumvi kutoka mtungi wa mama yake yeye. Kila mwaka samaki wakiisha, maji kidogo yanabaki, yanaingia kwa samaki wapya. Maji ya wanawake wa nyumba yao, tangu zamani ambazo hata yeye hazijui. Watu wote waliokuwa nayo wamekufa. Yalibaki hayo.

Nilitamani anipige. Nikaosha mikono, nikaaga, hakuitikia.

17 Aprili

Hajasema neno. Uji ameukataa.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Amesema. Amenyoosha kidole cha mkono wa kushoto hadi karibu na pua yangu.

"Wewe umemwaga. Basi wewe utatia chumvi."

24 Aprili, Alhamisi

Nitaandika haya mara moja tu na sitayasoma tena.

Nunzio amefika na ndoo asubuhi. Nunzio ni mwenyekiti wa chama cha watu wa Torrefonda hapa mjini, mzee mwenye nyusi kama brashi ya viatu. Yeye na wazee wenzake huenda na nyavu mtoni, mwisho wa barabara ya West Ferry, kuchota visamaki vinavyopanda kila barafu ikiyeyuka. Kwao wanatumia dagaa wa baharini. Hapa, tangu wazee wao walipofika, wanatumia hivi vya mtoni. Vinafanana na ndagala, wale dagaa wa ziwani waliokuwa wakianikwa Uvira, vyeupe, vinang'aa, vyote vimefungua macho. Vikiwa vibichi vinanukia tango. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa napenda tango.

Nikavaa glovu za kazini. "Vua," akasema Bi Ersilia. "Glovu inararua nyama."

Unamshika samaki kichwani kwa kidole gumba na cha shahada, unavunja, unavuta. Matumbo yanatoka yakifuata kichwa, laini, meusi na mekundu, yana uvuguvugu wa mkono wako mwenyewe. Magamba yanabaki kwenye kucha. Damu yake ni nyembamba, inateremka mpaka kwenye kiwiko. Kwa samaki wa kwanza nilifunga macho. Wa pili alinitoka mkononi akaangukia kiatu. Baada ya hapo nilikimbilia sinki.

"Tapika," Bi Ersilia alisema nyuma yangu, bila ubaya wowote. "Halafu rudi."

Nikatapika, nikarudi. Ndoo haikupungua. Yeye amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono uliokufa mapajani, ule mzima unaelekeza: chumvi ya mawe chini, samaki kwa duara, kichwa kilipokuwa kielekee katikati, mkia nje, chumvi tena, duara tena. Nikibana sana ananikemea, nikiacha nafasi ananikemea. Mwishoni mfuniko, na juu ya mfuniko lile jiwe, jeusi, laini, la ufukweni kwao. Aliomba alishike kwanza. Akalishika muda mrefu. Baada ya mimi kumwaga maji, jiwe na mtungi ndivyo vilivyobaki vya mama yake.

Nimefika nyumbani nimesugua mikono kwa jivu hadi ngozi imewaka. Mikono hii ndiyo itakayompa Mama maziwa.

25 Aprili

Bado naisikia kwenye kucha.

4 Mei, Jumapili

Kanisani dada wawili wamehama kiti. Walijifanya wanafuata feni. Hakukuwa na joto la feni.

9 Mei

Maji yamepanda mtungini, kahawia nyepesi. Kazi yangu kila siku ni kuondoa utando, kuongeza maji ya chumvi, kurudisha jiwe. Nafanya nimejaza pamba puani. Bi Ersilia anaziona pamba.

15 Mei

Gatera ana mdomo mrefu. Nilimweleza yeye kwa sababu yeye mwenyewe hula samaki wa kukaanga kila Ijumaa, vijana wa leo. Akamweleza Mama. Mama amenipigia simu nikiwa nje kwenye ngazi.

"Gatera anasema unatiaka mikono mu samaki. Ni kweli ao ni uongo?"

"Ni kweli, Mama. Ni kazi."

"Kuosha muzee, ile ni kazi. Kupasula samaki, nani alikutuma?"

Nikamweleza habari ya mtungi na yale maji.  

"Ulimwaga chombo ya wenyewe," akasema. "Bon. Ile ni deni, lipa. Mikono, utaosha na majivu. Lakini unisikilize muzuri, Vestine. Siku utatia samaki mu kinywa, maziwa yangu hautayashika tena, na hautayakunywa. Ng'ombe zitagonjwa."

Ng'ombe wetu walichukuliwa wote mwaka ule tuliokimbia, mpaka ndama. Sikumkumbusha. Nikamwambia, "Mama, mimi samaki siwezi kula hata unifunge kamba." Nilikuwa nasema kweli.

20 Mei, Jumanne

Nunzio alikuja kunywa kahawa, na leo ndipo nimeambiwa ambalo hawakuniambia.

Tarehe ishirini na tisa Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Petro. Huko Torrefonda sanamu yake hutembezwa mji mzima, inasimama kwenye kila mlango, na kila nyumba inafungua mtungi wake. Kisha wanaipeleka baharini wanaiosha miguu. Hapa wanaitembeza kwenye pikapu ya Nunzio na wanaiosha miguu ziwani. Mimi mtu wa kanisa la kiroho, nilikuwa najizuia kucheka watu wanaoosha mti miguu, nikasikia Nunzio anasema, "Na aliyetia chumvi anakula wa kwanza."

"Nani?" nikauliza.

"Aliyetia chumvi. Mlangoni, mbele ya watu. Asipokula yeye, hali mtu mwingine, na mtungi unamwagwa pale pale barabarani. Mtu anayeiogopa chumvi yake mwenyewe ametaka kuwaua majirani."

Nikamgeukia Bi Ersilia. Nikamwambia ale yeye, mtungi ni wake. Akasema anayekula ni mkono uliotia chumvi. Nikasema basi aseme ametia yeye. Nunzio akajitolea, mzee wa watu, aseme ametia yeye. Bi Ersilia alimtazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, na nashukuru.

"Nimdanganye Petro kwa ajili ya samaki?"

Zamani barabara hii ilikuwa na mtungi kila mlango. Sasa wenzao wote wamehamia pembezoni mwa mji na wananunua samaki wa kopo. Umebaki mtungi huu mmoja. Nikawaambia mimi sili samaki, mama yangu hali, mama yake hakula. Bi Ersilia akauliza, "Ni mzio?" Nikasema hapana. "Ni dini?" Hapana. Akafikiri. "Basi ni kama mimi na yale maziwa yako," akasema.

Nawachukia wote wawili leo. Nachukia desturi ya watu inayokunyemelea kwa nyuma.

28 Mei

Mvua. Jiwe, utando, chumvi.

7 Juni, Jumamosi

Raymond amefika kutoka Louisville. Ndiye mtoto pekee wa Bi Ersilia, anaishi huko na mkewe, nyumba kubwa, nimeonyeshwa picha. Nyumba hii imepata mnunuzi. Tarehe mosi Julai atamchukua mama yake ampeleke kwenye makao ya wazee karibu naye. Alimweleza amesimama, funguo za gari mkononi. Bi Ersilia akauliza kama huko ataruhusiwa kuwa na mtungi. Raymond akacheka, akasema, "Ma, tafadhali."

Huyu mwanamume anapumua kwa mdomo akiwa ndani ya nyumba aliyolelewa. Alizunguka na kopo la marashi akipulizia mapazia, viti, mpaka blanketi la mama yake likiwa magotini mwake. Harufu ya maua ya uongo. Imenichafua roho kuliko samaki wowote, na sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Kisha nikamkuta jikoni ameukumbatia mtungi, uso ameugeuza pembeni, anaelekea mlango wa nyuma. Mnunuzi anakuja kesho, akasema, kitu hiki lazima kitoke. Nikaweka mkono juu ya jiwe.

"Huo mtungi ni kazi yangu," nikasema.

"Naweza kuipigia kampuni yako."

"Piga."

 Kazi hii ndiyo kodi ya nyumba na ndiyo kitanda cha Mama. Alinitazama, akautazama mtungi, maji yalikuwa yamemmwagikia kwenye shati. Akauweka chini, akaenda kubadilisha shati. Bi Ersilia alikuwa sebuleni na masikio yake hayajapooza. Nilipomletea dawa aliishika mikono yangu akainusa, mmoja baada ya mwingine. "Vizuri," akasema.

Nimefikiri njia nzima. Nisipokula, Raymond atamwaga mtungi kwa furaha, na mama yake ataondoka kwenda kufa Louisville bila kitu. Nikila, Mama hatapokea maziwa mkononi mwangu. Sioni mlango wa tatu.

15 Juni

Joto. Sasa hata jirani wa pili anajua tuna mtungi.

22 Juni

Nimejaribu. Nilichukua kipande cha samaki kama ukucha nikakiweka kwenye ulimi, nikiwa peke yangu jikoni. Kilirudi kabla sijafunga mdomo. Nimemwambia Bi Ersilia wazi kwamba siwezi, asinitegemee. Akatikisa kichwa tu, akaniomba nimgeuzie kiti dirishani.

28 Juni, Jumamosi

Mama amefika. Gatera alimleta kwa gari, akala wali, akaondoka kuwahi shifti. Aliponisalimu aliniambia sikioni, "Kula tu, yaya, dada yangu, ni samaki, haiko sumu." Rahisi kwake, yeye tumbo lake limeshakuwa la Ohio.

Mama ameketi kwenye kitanda kipya na kikombe chake cha mbao amekileta kwenye mfuko. Nilimchemshia maziwa. Kabla ya kupokea aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Neno hilo la "bado" halikumpita, niliona. Akapokea, akanywa.

"Kesho nitakwenda na wewe," akasema. "Nione ile nyumba yenye inakuharibu."

29 Juni, Jumapili

Mama alikataa kuingia ndani. Nikampa kiti kibarazani, akafunga pua kwa kitenge, kikombe na chupa ya maziwa mapajani. Nikamtoa Bi Ersilia na kiti chake. Wakatazamana, wazee wawili wasio na neno moja la kuelewana, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyekanyaga kitu. Bi Ersilia aliinusa chupa kwa mbali akageuza kichwa. Mama aliutazama mtungi.

Kisha akasimama. Akaja mpaka kwenye mtungi, kitenge bado kwenye pua, akakishusha kidogo.

"Nani alifukiza hii chombo?"

"Mimi. Mwezi wa nne."

"Moshi ingali ndani," akasema, akarudi kukaa. "Ulifukiza muzuri."

Pikapu ikaja polepole, Mtakatifu Petro amefungwa kamba nyuma, samaki wakavu shingoni mwake kama shanga, redio ya Nunzio inapiga muziki wa kwao. Waliofuata kwa miguu walikuwa wachache, karibu wote na fimbo za kutembelea. Raymond alikuwa kwenye ngazi amevaa miwani ya jua. Nunzio akavua kofia, akauliza kama desturi inavyotaka, "Nani ametia chumvi nyumba hii?"

 Bi Ersilia hakunitazama. Alikuwa na lile jiwe mapajani, analisugua kwa kidole gumba. Alishaniacha huru, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Kama angenisihi ningekataa.

"Mimi," nikasema.

Nilimtoa samaki mmoja mtungini kwa vidole. Alikuwa mwekundu ndani, laini, mafuta yanatiririka. Nikamtia mdomoni mzima. Chumvi ilinichoma hadi machozi. Kisha ile nyama ikayeyuka, ikasambaa kila mahali, nyuma ya meno, chini ya ulimi, kimfupa chembamba kama unywele kikanikwaruza koo. Tumbo likapanda. Nikaliambia lishuke. Ilikuwa mbaya kama nilivyoogopa, na sitasema vingine ili kumfurahisha mtu. Ndani yake, mbali, kulikuwa na moshi wetu. Nikameza.

Wakala wote. Wazee wengine walifumba macho. Bi Ersilia alikula akatafuna muda mrefu, akasema si kama ya mama yake. Akala mwingine. Akachagua samaki mzuri, akamwekea Raymond kiganjani kwa mkono wake wa kushoto. Raymond akasema, "Asante, Ma." Mama yake alipogeukia sanamu, nilimwona anamfunga yule samaki kwenye tishu na kumdondosha kwenye chungu cha maua. Akajifuta vidole. Kichefuchefu nilichokuwa nimekizuia kwa samaki kilinijia pale.

Mama naye alikuwa ameona. Miwani ya jua haimzuii Mama.

"Ule ni mutoto yake?"

"Ndiye huyo huyo, hana mwingine."

 Pikapu ikaondoka kwenda ziwani, Raymond akamsukuma mama yake kuifuata, mtungi ukabaki wazi mlangoni. Nikasimama mbali na Mama, mkono mdomoni, ili pumzi yangu isimfikie. Akafungua chupa, akajaza kikombe chake cha mbao, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Mama, nimekula samaki. Uliona."

"Niliona," akasema. "Huku hatuna ata ng'ombe moja ya kugonjwa. Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya samaki mpaka tone la mwisho.